Skuta ya chini ya maji, Nungwi

Jamani, leo nimeijaribu skuta ya chini ya maji hapa Nungwi, raha yake acha tu! Unashika vipini viwili, unabonyeza, propela zinakuvuta. Imeandikwa mita 1.5 kwa sekunde, yaani kilomita 5.4 kwa saa. Nchi kavu huo ni mwendo wa mtu anayewahi daladala. Majini ni habari nyingine kabisa: ukigeuza kichwa kidogo tu, maji yanataka kukuvua miwani. Nyoosha mwili, bana miguu, utaona inavyochanganya. Ila nilipoielekeza kwenye mkondo, maji yakiwa yanakupwa, ilisogea kwa taabu. Kurudi sasa! Matumbawe yalipita chini yangu mbio, sikuwahi hata kuhesabu samaki. Naitaka yangu mwenyewe.