Nimerudi Kisumu, na Watu Wanataka Kukodi Jina Langu

Nilipokuwa nafunga mizigo Ohio nilijua nitaombwa. Aliyewahi kukaa ng'ambo anaijua orodha hiyo kwa moyo: viatu, simu, karo ya mtoto wa fulani, mchango wa matanga ya mtu mliyeonana mara ya mwisho akiwa darasa la tano. Kwa hayo nilikuwa nimejipanga. Raba nilizobeba zilitosha kufungua kibanda soko la Kibuye.

Kuombwa jina ndiko sikuwa nimejipanga nako.

Aliyeanza ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, hapo hapo nyumbani Manyatta. "Aunti, ile leseni yako ya udereva ya Ohio bado haijaisha muda?" Nikafurahi, nikadhani anataka nimfundishe gari. Kumbe anaitaka afungulie akaunti ya kazi. Leseni yangu, uso wangu mbele ya kamera kwa dakika moja, akaunti yangu ya benki ya kule, basi. Mengine atafanya yeye, na kila malipo yakiingia mimi ninakata changu kabla sijamtumia.

Acha niieleze hii kazi, maana nilipoondoka mwaka 2004 haikuwepo, na ndiyo iliyonivuruga akili kuliko vyote nilivyovikuta. Mpwa wangu ana digrii. Usiku anakaa kwenye meza ya kulia ya mama yangu na kompyuta, anaonyeshwa picha za barabara za Marekani, anazungushia visanduku magari, watu, mbwa, mapipa ya taka, ili mashine ijifunze kutowagonga. Siku nyingine anapewa majibu mawili yaliyoandikwa na programu, achague lililo bora na aeleze kwa nini. Zamani vijana wa hapa walijiandikisha wenyewe, kwa majina yao. Halafu Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kampuni ya Scale AI ya Marekani, likafunga milango kwa Wakenya. Watu waliamka wakakuta hawaingii. Tangu hapo soko la akaunti za kukodi limenoga. Anayekaa Marekani anatoa jina, anayekaa Kisumu anatoa usingizi.

Kwa hiyo usiku mpwa wangu ni mwanamume wa Texas. Sitanii. Ana jina la kizungu, ana umri wa baba yake, na amelazimika kujua msimu wa mvua wa kule na timu za mpira wa kule, maana kuna maswali ya mtego. Mimi niliyekaa Marekani miaka ishirini na ushei sijui robo ya anayoyajua kuhusu Texas. Mwenye jina anakata nusu ya malipo. Kisha bando, kisha stima ikipotea anakimbilia kwa jirani mwenye sola. Mwezi uliopita akaunti nyingine aliyokuwa akiitumia ilifungwa ikiwa na pesa za wiki nzima ndani. Alalamike wapi? Kwa nani? Kwa jina gani?

Niliposema nitafikiria, habari zikaenea mtaa mzima. Akaja kijana wa boda. Akaja mwalimu ambaye hadi leo TSC, tume ya kuajiri walimu, haijamwajiri, kijana mwenye adabu, ananiita "mama" na kuinamisha kichwa. Mmoja alikuja na makubaliano aliyoyachapisha kabisa, na mahali pa kutia sahihi. Mama yangu aliwasikiliza wote kisha akaniambia, "Nyathina, nyumba unapangisha, shamba unakodisha. Jina lina nini?"

Sasa nielezeni nitoe jibu gani, mimi hasa. Kazi yangu ya kwanza ya maana kule ilikuwa kupokea simu za wateja. Siku moja tukaambiwa tuwafundishe wenzetu wa Manila kwa video. Tukawafundisha vizuri, wengine tukawa marafiki. Mafunzo yalipokwisha, na sisi tukaisha. Baadaye nikaingia kazi ya ghala, nikaingia chama cha wafanyakazi, nikachaguliwa mwakilishi wa zamu yetu. Nimesimama kwenye theluji nikiwa nimeshika bango linalosema kazi zirudishwe nyumbani.

Na pale Ohio hilo bango lilikuwa na uzito. Youngstown wazee bado wanaitaja Jumatatu ya tarehe 19 Septemba 1977, Youngstown Sheet and Tube ilipotangaza kufunga kiwanda chake kikubwa cha chuma na watu kama 5,000 wakabaki bila kazi. Mwaka 1994 ukaja NAFTA, mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada, viwanda vikashuka Mexico. Mwaka 2001 China ikaingia Shirika la Biashara Duniani. Julai 2017 Trump alikuja Youngstown akawaambia watu wasiuze nyumba zao, kazi zote zinarudi. Machi 2019 kiwanda cha magari cha General Motors pale Lordstown, jirani tu, kikatoa gari lake la mwisho.

Katika mikutano yetu ya chama kulikuwa na makundi mawili. Moja lilisema adui ni Mmeksiko, Mchina, Mfilipino, na wakinitazama mimi walikuwa wanameza maneno. La pili, watu wa mrengo wa kushoto, walisema adui ni mwenye kiwanda anayehama kila mahali anapopata kazi kwa bei ya kutupa, na dawa ni wafanyakazi wa kule na wa huku kushikana. Mimi nilikaa na hao wa pili. Lakini bango tulilobeba lilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kuuliza "nyumbani" ni kwa nani. Leo kazi zimefika nyumbani kwangu kabisa, ziko mezani kwa mama, kando ya sahani ya omena.

Na zimefikaje? Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuwekea alama matini machafu kwa ajili ya OpenAI, wenye ChatGPT, kupitia kampuni ya Sama, walipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mkataba wa OpenAI na Sama ulitaja dola 12.50 kwa saa. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani, ambacho kule tunakipigia kelele kwamba ni aibu kwa kuwa hakijapandishwa tangu 2009, ni dola 7.25. Nikimwambia mpwa wangu hesabu hiyo ananijibu kwa upole unaoniudhi: "Aunti, afadhali hiyo kuliko kukaa bure." Wachumi wa kushoto nao wana usemi unaofanana: kibaya kuliko kunyonywa ni kukosa hata wa kukunyonya. Wao waliusema kwa uchungu. Yeye anausema akitafuta chaja.

Mengine niliyoyakuta nitayapitia haraka. Lwang'ni, tulikokuwa tunakula samaki ukingoni mwa ziwa, walibomoa. Samaki sokoni wengine wametoka China, wamegandishwa, na ziwa liko pale pale unaliona. Minofu ya mbuta bado inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi bado tunauziwa mgongo wazi, mifupa inayobaki. KICOMI, kiwanda chetu cha nguo, kilikufa kabla sijaondoka, baada ya mitumba kufunguliwa mlango, lakini nilipoondoka Mumias ilikuwa ikisaga miwa na Webuye ilikuwa ikinuka karatasi. Pan Paper, kiwanda hicho cha Webuye, kilisimama 2009. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa wadai, Septemba 2019. Nakuru, Eveready ilifunga kiwanda 2014, betri zikawa zinaletwa kutoka Misri. Kila nikiuliza "na pale siku hizi kuna nini?" naonyeshwa kanisa au ghala.

Sasa ushauri, kwa mnaofunga mizigo.

Kwanza, usiseme hadharani kwamba bado una leseni ya kule.

Pili, ukija na lugha ya mapambano ya wafanyakazi kama mimi, jiandae kuchekwa. Nilimweleza kijana wa boda kwamba mwanauchumi wa Alego, Barack Obama mkubwa, aliikosoa serikali mwaka 1965 kwa kujiita ya ujamaa wa Kiafrika huku haijagusa nani anamiliki nini. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama mwanawe anaweza kutusaidia viza. Na hapa ni Kisumu, mji ambao hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti bado inaitwa Russia, na ambao damu ilimwagika siku ya kuifungua, Oktoba 1969, kisha KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, kikapigwa marufuku. Siasa za dunia tulizilipia hapa. Vijana wanajua jina la hospitali, basi.

Tatu, serikali ikikuambia kazi za mtandaoni ni fursa, usikubali wala usikatae kabla hujauliza nani atashtakiwa mambo yakiharibika. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja picha za Facebook pale Nairobi, alifungua kesi mwaka 2022. Mei Mosi 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi hizo waliamua kuunda chama chao Nairobi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta, kampuni yenye Facebook, inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Mwaka huo huo ukafika Seneti mswada wa kuzikinga kampuni za nje zinazotoa kazi zisishtakiwe na wafanyakazi wa wakala wa hapa. Tulianza 1990 na sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, msamaha wa kodi miaka kumi. Sasa kuna wanaotaka kuongeza na msamaha wa kesi.

Jumapili alikuja mzee jirani yetu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya nguo. Mpwa wangu akampa chai. Nikawa namwambia mzee kwamba hawa watoto wanahitaji chama. Akacheka hadi akakohoa. "Mama, sisi tulikuwa na lango. Tukigoma tunakaa langoni, meneja hatoki, lori haliingii. Huyu mtoto atakaa kwenye lango lipi?"

Mpwa wangu, ambaye sikujua anasikiliza, akasema walishajaribu. Wana kundi lao Telegram, watu wa Kisumu, Kakamega, Eldoret. Bei ya kazi fulani ilishushwa wakakubaliana hakuna atakayeigusa hadi irudi pale ilipokuwa. Walikaa usiku kucha wakiitazama kazi imening'inia kwenye skrini, na wote walishika neno, hakuna aliyesaliti.

"Ikarudi?" mzee akauliza.

"Haikurudi, guka. Ilichukuliwa na watu wa nchi nyingine kabla hata hatujaenda kulala."