Ninavyomsikiliza mtoto wazazi wanapoachana

Swali ambalo wazazi hunisisitiza nimuulize mtoto ndilo nisilomuuliza kabisa: "Unataka kukaa na nani, baba au mama?" Mtoto wa miaka 8 anajua kwamba akimtaja mmoja amemkana mwingine. Atanyamaza, au atamtaja aliyemleta ofisini.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na taarifa yangu ndiyo mara nyingi inayomfikishia hakimu sauti ya mtoto. Hapa Tanzania, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama izingatie matakwa yake akiwa na umri wa kujieleza mwenyewe. Kifungu hicho kinachukulia pia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, na dhana hiyo hupingika kwa ushahidi. Hakisemi popote kwamba akitimiza 7 ni wa baba, ingawa wazee wa baraza hunikumbusha hivyo kila mara.

Huonana na mtoto mara mbili, dakika 30 hadi 40. Safari ya kwanza analetwa na mzazi mmoja, ya pili na mwingine, maana aliyekuja ameshikwa mkono na baba husema ya baba. Ndugu nawaona mmoja mmoja, la sivyo mkubwa humsemea mdogo. Shuleni siendi wiki ya mitihani, wala simwiti kwa jina mbele ya darasa.

Tunakaa mkekani. Nakunja karatasi katikati: huku kwa baba, huku kwa mama. "Nichoree unapolala." Nani hukuamsha? Ukiugua usiku unamwita nani? Kitu gani hutaki kibadilike? Mtoto akisema madaftari husahaulika kwenye nyumba nyingine, ameshatupangia ratiba: makabidhiano yawe Ijumaa akitoka shule, begi likiwa mgongoni.

Wengine huja wamefundishwa. Mtoto wa darasa la pili hasemi, "Baba hakidhi mahitaji yangu ya msingi." Simkemei. Namwambia, "Hebu nisimulie siku moja ilivyokuwa." Aliyekaririshwa hurudia sentensi ileile. Lakini tusikimbilie kusema anadanganya. Wapo waliofundishwa maneno na hofu yao ni ya kweli. Hapo namtafuta mwalimu wake, na jirani.

Siri simwahidi. Namwambia mapema: "Nitamwandikia hakimu uliyoniambia. Atakayeamua ni yeye, si wewe." Mabega hushuka kabisa akisikia hivyo. Akinieleza kwamba anapigwa au anaguswa vibaya, nachukua hatua siku hiyohiyo. Mengine namsomea nilivyoandika, na panapomtia hofu tunatafuta pamoja namna ya kulisema ambayo haitamletea matata nyumbani.

Kwenye taarifa, maneno yake nayaweka ndani ya alama za nukuu na maoni yangu aya nyingine. "Mtoto ana ukaribu na mama" ni yangu. "Mama hunisubiri getini mpaka gari lifike" ni yake, na hakimu anastahili kuyasoma yalivyotoka.

Hatua inayorukwa mno huja baada ya uamuzi, faili likishafungwa. Narudi kwa mtoto kumweleza kilichoamuliwa na sababu yake, hasa kikiwa kinyume na alichosema: siku zipi atalala wapi, nani atamchukua shule, na yale madaftari yatakaa nyumba gani.