Mtaro usio na mwelekeo wa maji ni mstari tu

Wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, walianza kujichorea ramani ya mtaa wao mwaka 2011. Mwaka 2015 kazi hiyo ikapanuka kwa jina la Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapita kata kwa kata pamoja na wenyeji, na nyumba, vichochoro na mitaro waliyochora ikaingia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na umma, bure kwa yeyote. Lakini mhandisi anayeifungua ramani hiyo kabla ya masika ana swali lake: nizibue mtaro upi kwanza, na nitahitaji malori mangapi?

Ili ramani ijibu swali hilo, kila kipande cha mtaro kinahitaji upana, kina cha ujenzi, kina cha mchanga uliomo, na upande maji yanakoelekea. Kata mstari kila vipimo vinapobadilika, kila mitaro inapokutana, na kila penye kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Mtaro wa mita 400 uliochorwa kama kipande kimoja hauna maana, kwa sababu mchanga haujai sawasawa. Hujaa kwenye kona na mbele ya kalavati.

Chukua mtaro wa zege wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Mchanga ukifika nusu, wengi hudhani nusu ya uwezo imebaki. Si hivyo. Msuguano wa kuta na sakafu haupungui kwa kadiri nafasi ya maji inavyopungua, kwa hiyo kinachobaki ni takriban asilimia 40. Kwa mita 100 za mtaro huo kuna mita za ujazo 18 za mchanga, na ukiwa umelowa ni kama tani 34. Kwa lori la tani 7 hizo ni safari tano. Safari hizo zisipowekwa kwenye bajeti, mchanga utaachwa ukingoni na mvua ya kwanza itaurudisha ulikotoka. Anayelalamika kwamba mtaro "unajaa upya haraka" aangalie kwanza kama mchanga uliwahi kuondoka.

Kalavati nazo zinataka kipenyo cha ndani, kilichopimwa kwa tepu pande zote mbili. Bomba la milimita 900 likifuatiwa na la milimita 600, maji yanakuta nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo, na mafuriko yanatokea kabla ya kiungio hicho, upande maji yanakotoka, hata mtaro wote ukiwa msafi. Hapo kuzibua hakusaidii. Ramani yenye vipimo huonyesha tatizo hili kwa kuangalia tu, isiyo navyo itakufanya ulipe vibarua kila mwaka.

Kuhusu mwelekeo: katika OpenStreetMap mstari wa maji huchorwa kufuata mtiririko, toka juu kwenda chini. Usiutegemee mwinuko unaosomwa na simu. Mteremko wa mita 100 mjini unaweza kuwa nusu mita tu, na simu hukosea mwinuko kwa mita kadhaa. Tupia jani majini, au muulize mama anayeuza chapati pale kila siku, maana ndiye anayeona maji yanaelekea wapi. Panapobishaniwa, waite wapima ardhi na mashine yao ya kupima usawa.

Vichochoroni GPS ya simu huruka, na mtaro huangukia ndani ya nyumba ya mtu. Chora mstari juu ya picha ya droni au setilaiti, kisha tumia simu kwa fomu na picha tu (ODK Collect, programu ya kujazia fomu kwenye simu, inatosha). Piga picha mbili, moja kuelekea maji yanakotoka na moja yanakokwenda, fito ya kupimia ikionekana. Kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, washa kunasisha ncha, ili miisho ya mistari igusane: pengo la sentimita 20 halionekani kwa macho, lakini kwa programu huo ni mtaro ulioishia hewani.

Michoro ya zamani ya ofisini ikiwekwa juu ya ramani mpya, vitu vyote huhama takriban mita 300. Michoro ile iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, mpya ziko kwenye WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS. Wapo wanaoivuta kwa mkono hadi "ikae". Usifanye hivyo, taja mfumo sahihi, programu ibadilishe yenyewe.

Hali ya mtaro, yaani mchanga, taka, mifuniko iliyoibwa, usiiweke OpenStreetMap. Inabadilika kila mvua. Itunze kwenye jedwali lako, uliunganishe na mstari kwa namba uliyoibuni mwenyewe, iandikwe pia kwa rangi kwenye kichwa cha kalavati. Namba za OpenStreetMap zenyewe hazifai kwa kazi hiyo: mtu akikata mstari vipande viwili, kipande kimoja hubaki na namba ya zamani na kingine hupata mpya, na rekodi zako za kuzibua zinaangukia mahali pasipo pake.

Safu inayosahaulika kuliko zote ni ya mwenye dhamana. Mtaro wa pembeni ya barabara kuu ni wa TANROADS (wakala wa barabara kuu), wa barabara ya wilaya ni wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), bomba la majitaka ni la DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam), na wa kichochoroni mara nyingi hauna mwenyewe isipokuwa mtaa. Maji hupita kwa wote hao ndani ya mita 200. Pima Januari au Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli, kisha mpelekee kila mmoja orodha ya vipande vyake, ukianza na vya chini kabisa ya mtiririko. Ukianza kuzibua juu, mchanga wote unamshukia wa chini.