Mwongozo wa kusakinisha Debian usioguswa unavyompoteza msomaji

Mtu anayefuata mwongozo wa kusakinisha mfumo endeshi mara nyingi ana kompyuta moja tu, na ndiyo hiyo hiyo anayoifuta. Akikwama katikati, hana pengine pa kusomea. Ndiyo maana anayeutunza mwongozo huo lazima ajaribu kila mstari kwenye toleo linalopakuliwa sasa, asiridhike kwamba ulifanya kazi zamani.

Hadi toleo la 11 la Debian, mfumo endeshi huria wa aina ya Linux, ISO rasmi (faili za kusakinishia zinazopakuliwa) hazikuwa na programu dhibiti (firmware) zisizo huria, zile ambazo kadi nyingi za wifi haziwaki bila hizo. Miongozo ikaelekeza watu watafute ISO isiyo rasmi, au waweke faili hizo kwenye flashi ya pili. Tangu toleo la 12, Juni 2023, zimo ndani ya ISO rasmi. Aya ya zamani haileti kosa lolote kwenye skrini, inamzungusha tu msomaji atafute asichokihitaji. Toleo hilo pia lilileta sehemu mpya ya hazina ya pakiti, `non-free-firmware`. Anayebadilisha `bullseye` (jina la toleo la 11) kuwa `bookworm` (la 12) kwenye `/etc/apt/sources.list` bila kuongeza neno hilo atakosa masasisho ya programu dhibiti. Halafu toleo la 13, Agosti 2025, likaja bila kisakinishi cha i386, yaani kompyuta za biti 32 za aina ya Intel, kwa hiyo ushauri wowote kuzihusu unapaswa kutoka kwenye ukurasa.

Jina la faili ya ISO na namba yake ya SHA512 (ya kuhakikisha faili imepakuliwa sawasawa) visiandikwe kabisa. Hubadilika kila toleo dogo linapotoka, na viungo vya zamani hufa. Mpeleke msomaji kwenye saraka ya `current`, apakue ISO pamoja na `SHA512SUMS`, kisha aandike:

`sha512sum -c --ignore-missing SHA512SUMS`

Hatua inayokwamisha wengi ni ya nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ukiiacha tupu, akaunti ya root hufungwa na mtumiaji wa kwanza hupewa sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri kama root. Ukiijaza, mtumiaji huyo hapewi. Sasa mwongozo unasema "weka nywila ya root" mwanzoni, na kurasa kadhaa baadaye unasema `sudo apt update`. Msomaji ataambiwa ama amri ya sudo haipo, ama jina lake halimo kwenye sudoers, orodha ya wenye ruhusa hiyo. Kila hatua peke yake ni sahihi, ila haziendi pamoja. Kosa la aina hii halionekani kwa kusoma. Huonekana kwa kusakinisha kuanzia juu hadi chini, bila kuruka, kwenye mashine tupu.

Mashine pepe, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, inatosha kwa sehemu kubwa. Hapa inatumia QEMU:

`qemu-img create -f qcow2 jaribio.qcow2 20G`
`qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -drive file=jaribio.qcow2,format=qcow2 -cdrom debian.iso -boot d`

Amri hiyo huwasha kwa BIOS, programu ya zamani ya kuwasha kompyuta, kwa hiyo patisheni ya EFI hutaiona kamwe. Sakinisha pakiti ya `ovmf` na urudie jaribio zima kwa UEFI, mrithi wa BIOS, maana huko ndiko waliko wasomaji wengi. Hata hivyo mashine pepe haina wifi halisi, wala haitakuonyesha diski ya NVMe (diski ya kasi ya kompyuta mpya) iliyofichwa kwa sababu njia ya kuendesha diski kwenye BIOS imewekwa RAID badala ya AHCI. Hilo liandikwe kabla ya hatua ya diski, pamoja na onyo kwamba Windows iliyopo inaweza kukataa kuwaka ukibadilisha mpangilio huo bila kuiandaa kwanza.

Kwenye amri ya `dd`, inayoandika ISO kwenye flashi, usiandike `/dev/sdb` kama mfano. Watu hunakili, na kwa mwingine sdb ni diski ya kazi zake zote. Andika `/dev/sdX`. Akiinakili hivyo hivyo akiwa root, dd itatengeneza faili ya kawaida ndani ya `/dev`, itakula RAM, na flashi itabaki ilivyokuwa. Ni usumbufu, lakini hajapoteza data. Kabla ya amri hiyo ya `dd` weka `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN`, inayoorodhesha diski, na umwambie atafute mstari wenye `usb` na ukubwa wa flashi yake, kisha atumie jina la diski nzima lisilo na namba ya patisheni.

Picha za skrini zipunguzwe. Menyu zikibadilika, maandishi husahihishwa kwa dakika moja, ilhali picha lazima ipigwe upya. Na juu kabisa ya ukurasa pawe na toleo lililojaribiwa, tarehe ya jaribio, na kama lilifanywa kwa BIOS au UEFI.