Gramu 0.36

Ijumaa, saa tatu usiku. Nimenawa mara tatu lakini mikono bado inanuka spiriti.

Leo na Kidato cha Tatu tumefanya jaribio ninalolisubiri mwaka mzima: kupitisha umeme kwenye maji ya mrututu (salfeti ya shaba) kati ya mabamba mawili ya shaba, kisha kupima shaba iliyotoka kwenye anodi, bamba la upande chanya, ikaganda kwenye kathodi, bamba la upande hasi. Nguvu tulipata kwenye betri tatu za pikipiki, mbili za kuazima kwa mafundi wa bodaboda na moja yangu ya siku nyingi.

Kikundi cha kwanza nilikipa ampea 0.5 kwa dakika 40, cha pili ampea 1 kwa dakika 20. Kabla ya kuanza niliuliza nani atavuna shaba nyingi zaidi. Karibu darasa zima likasema cha pili, kwa kuwa umeme wake ni mkubwa. Niliwaacha na jibu lao. Nusu ampea kwa sekunde 2,400 ni kulombi 1,200 za chaji, yaani jumla ya umeme uliopita, na ampea moja kwa sekunde 1,200 ni kulombi 1,200 vilevile. Kila ioni ya shaba, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni, inadai elektroni mbili ndipo igeuke metali na kushika kwenye bamba. Ziletwe mbiombio au polepole, deni ni lilelile. Kwa chaji hiyo hesabu inatoa gramu 0.395.

Cha kwanza walipata 0.39. Bamba lilitoka na rangi ya waridi, laini, wakawa wanalipokezana kama kitu cha harusi. Cha pili walipata 0.37. Shaba yao ilishuka kwa haraka mno kwa bamba dogo vile. Kingoni ikawa ungaunga mweusi, na walipolisuuza nikauona unga ukienda na maji. Chaji ilifanya kazi yake yote, ila sehemu ya mavuno ilibaki kwenye beseni.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kikundi cha tatu. Nao nilikuwa nimewapa nusu ampea kwa dakika 40, kwa ile betri yangu kuukuu. Mizani ikasoma 0.36. Bamba safi, hakuna unga, hakuna kilichodondoka. Binti aliyekuwa mwandishi wao alinijia akiwa mnyonge: “Mwalimu, sisi tumekosea.” Nikamwomba daftari. Kumbe alikuwa ameandika usomaji wa ammita, kipimo cha ampea, kila baada ya dakika tano, jambo ambalo sikuwaagiza: 0.50, 0.49, 0.47, 0.46, 0.44, 0.43, 0.41, 0.40. Betri ilikuwa inachoka na hakuna aliyegusa reostati, kifaa cha kurekebisha mkondo.

Tukakaa naye, tukazidisha kila namba kwa sekunde 300 na kujumlisha. Kulombi 1,080. Tukatafuta uzito wake: gramu 0.356. Alitazama daftari, akatazama mizani, akarudia hesabu peke yake toka mwanzo. Halafu akawaita wenzake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu ahamie shuleni kwetu. Mimi ndiye niliyewapa betri mbovu, nao nusura waondoke wakiamini wameshindwa, ilhali bamba lao lilikuwa limehesabu kila kulombi iliyopita.

Nikawasimulia kwamba zamani watu waliuamini ushahidi wa namna hii kuliko ammita. Mwaka 1893, mkutano wa wataalamu wa umeme huko Chicago uliieleza ampea kwa madini ya fedha yanayoganda kwenye bamba: gramu 0.001118 kila sekunde. Na miaka ya 1880 wateja wa umeme wa Edison, yule mvumbuzi, kule New York walikuwa na mita ya chupa yenye mabamba ya zinki ndani ya maji ya chumvi ya zinki. Mwisho wa mwezi mabamba yanachukuliwa, yanapimwa, bili inatoka. Darasa lililozoea kuingiza namba za luku lilishindwa kuamini.

Bamba la kikundi cha tatu nimelifunga kwenye gazeti, lipo hapa mezani. Anodi yao tuliisuuza lakini kengele ya kutoka ikatuwahi kabla hatujaipima. Binti ameomba waje Jumatatu asubuhi kabla ya paredi, maana kama shaba yote iliyoganda ilitoka kwenye anodi, nayo lazima iwe imepungua gramu 0.36.