Dirisha Namba 4

"Anko shikamoo. Jumatano naingia ubalozini. Wakiniuliza kazi nisemeje?"

Mpwa wangu anapiga video. Tabia hiyo kaitoa wapi sijui, ingawa dada anasema anajua.

Zamu yangu ya kuomba viza ya Marekani ilipofika, mtaa mzima ulinishauri. Shemeji akasema nijiite mhasibu. Mimi nilishajipatia mshauri kwenye jarida kuukuu: Billy Wilder, Myahudi aliyezaliwa 1906 huko Sucha, enzi hizo ikiwa chini ya Austria. Alikuwa akiandika filamu Berlin. Hitler aliposhika nchi mwaka 1933 akakimbilia Paris. Mwaka uliofuata yuko Marekani, Kiingereza cha kubabaisha, viza ya muda, ikabidi atoke hadi Mexicali, Mexico, aombe kuingia upya kama mhamiaji. Hati zake haba. Konseli akamuuliza anafanya kazi gani. Anaandika filamu. Yule bwana akagonga muhuri, akamwambia basi aandike nzuri. Wilder alikisimulia kisa hicho jukwaani kwenye Oscar za 1988, tuzo sita ziko kabatini.

Nikaenda dirishani nikiwa nataka muhuri, na maneno yangu pia.

Kioo kilikuwa kinene, kina alama ya jasho la paji la uso la aliyenitangulia. Shati la shemeji linanikaba shingo. Sauti ya yule mama ilitokea kwenye kispika, inakwaruza.

"Unafanya kazi gani?"

"Natengeneza filamu."

Akaacha kuandika. Moyo ukaniruka: ndiyo hii!

"Filamu gani?"

Wilder hakuulizwa gani.

"Za harusi," nikasema. Kimya. "Na kichen pati." Kimya. "Na maulidi, mara moja."

Akazima kispika. Nikaona mdomo wake unacheza, anamwambia mwenzake kitu. Mwenzake akageuka kunitazama, mabega yanamtikisika. Nikabaki nimeshika faili la plastiki, natabasamu kama bwana harusi aliyesahau jina la mkwe. Kispika kikarudi.

"Nani analipa ada?"

Shemeji. Pasi ikabaki kwake, na ikibaki umepata. Maneno sikupewa.

Kilichofuata ni chuo, baridi, maghala ya usiku. Sasa nahariri harusi, za Wasomali na za Wakongo, hapa Minneapolis. Filamu yangu ya dakika kumi na mbili ipo kwenye diski, sauti haijakamilika tangu mwaka juzi. Tuseme mwaka juzi.

Jarida halikuandika kuwa mama yake Wilder alibaki kule, Wanazi wakamuua. Wangu alikufa kwa presha, kitandani kwake, nami karatasi zangu hazikuniruhusu kusafiri. Maziko niliyaona kwenye video: kamera inatetemeka, inaangalia miguu ya watu, inapanda juu, inarudi kwenye miguu. Aliyepiga alikuwa na miaka kumi na mmoja. Sijawahi kuikata hata sekunde moja.

Nimemwandikia: sema unapiga video. Nikafuta. Nikaandika: sema mhasibu. Nikafuta.

Tiki za bluu zimeshatokea. Anajua nimesoma.