Nilivyohamishia ukaguzi wa nyama zizini: uzoefu wangu Bukavu

Katika machinjio ya Bukavu, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nilikofanya kazi ya ukaguzi kwa niaba ya huduma ya mifugo ya serikali, ugomvi ulizoea kuanza alfajiri, ng'ombe akiwa ameshachinjwa na kuchunwa na wanunuzi wameshafika. Hapo ndipo mkaguzi alipotarajiwa kuingia na kisu chake, apasue tezi za kichwani, za mapafu na za utumbo akitafuta vinundu vya kifua kikuu, akate misuli ya taya akitafuta vifuko vya mabuu ya tegu, afungue ini aone kama lina minyoo bapa, kisha atamke hukumu mbele ya mtu aliyeweka mtaji wake wote katika mnyama mmoja. Sikuwa na fungu la fedha la kumfidia mwenye nyama, naye alilijua hilo vizuri. Kila nilichokikataa kilikuwa hasara yake peke yake, kwa hiyo niliombwa, nikatishwa, nikaletewa bahasha.

Sikuona namna ya kushinda vita hivyo nyama ikiwa tayari kwenye ndoano. Niliamua kuupeleka uzito wa kazi kwenye jioni ya kabla, mnyama angali hai zizini, kwa sababu ng'ombe aliyekataliwa akiwa hai bado ni mali: atarudishwa malishoni, atatibiwa, au atasubiri. Wazo lenyewe halikuwa langu. Kanuni za usafi wa nyama za Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, za mwaka 2005 zinataka kila mnyama aangaliwe kabla ya kuchinjwa, na mwaka huohuo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo Kongo ni mwanachama wake, lilipitisha viwango vyake vya kwanza kuhusu kumsafirisha na kumchinja mnyama bila kumtesa. Karatasi hizo nilikuwa nazo, lakini wauza nyama wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, hawali karatasi, na sikutaka kuzitumia kuwatisha watu ambao tayari hulipa ushuru wa kila aina njiani.

Kilichowashawishi ni rangi ya nyama. Ng'ombe wengi wa Bukavu hutoka bonde la Ruzizi, wakapandishwa milima ya Ngomo wamesimama wamebanana ndani ya lori. Wengine huletwa kwa miguu kutoka Walungu na Kabare. Walikuwa wakifika usiku, wamechoka na wana kiu, na kuchinjwa papo hapo. Mnyama aliyepumzika ana sukari iliyohifadhiwa misulini, ambayo baada ya kuchinjwa hugeuka asidi na kuishusha pH ya nyama, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, kutoka karibu 7 hadi kama 5.5. Aliyepigwa fimbo usiku kucha ameshaimaliza sukari hiyo. pH hubaki juu ya 6, nyama huwa nyeusi na yenye kunata, na bakteria huishambulia mapema. Katika mji ambao nyama nyingi huuzwa juu ya meza bila barafu, tofauti hiyo huonekana kabla ya jua kutua. Nilimwuliza muuzaji mmoja mzee, mbele ya wenzake, "Papa, nyama yako ya jana ilikuwaje saa nane mchana?" Akajibu, "Dokta, ilikuwa imeshakuwa nyeusi, wamama waliikataa." Sikuhitaji hotuba nyingine.

Tukakubaliana hivi: mnyama afike mchana wa siku iliyotangulia, apewe maji, apumzike bila kulishwa, nami nimwone akitembea, nimpime joto nikimshuku, kisha nimtie alama ya rangi kiunoni na kumwandika daftarini. Asiyeandikwa jioni hapigwi muhuri asubuhi. Nguvu yangu yote ilikuwa katika muhuri huo, kwa kuwa hoteli na hospitali hazikupokea nyama isiyo nao. Maji ndiyo yaliyotusumbua kuliko sheria. Bomba lilipokauka, wenye ng'ombe wenyewe walichanga wakanunua mapipa, tukayakata katikati yakawa mabirika.

Kwa wachinjaji sikupata shida niliyoitarajia. Wengi ni Waislamu, na mkubwa wao ndiye aliyewakumbusha vijana hadithi ya Mtume inayoamuru kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Kuanzia hapo haikuwa tena amri ya serikali kwamba ng'ombe asichinjwe mbele ya mwenzake, wala asivutwe kwa kuvunjwa mkia.

Daftari la jioni lilifichua mambo ambayo ndoano haikuweza kuyafichua. Nilianza kuwaona ng'ombe wenye mimba kubwa, na viwango vya kimataifa vinakataza kumsafirisha aliye katika sehemu moja ya kumi ya mwisho ya mimba, yaani takriban mwezi wa mwisho kwa ng'ombe. Niliona pia alama za sindano shingoni. Mfanyabiashara akimwona mnyama amedhoofika njiani humchoma oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ili afike amesimama, ilhali kwa dawa hiyo ya kukaa muda mrefu mwilini nyama haifai kuliwa mara nyingi hadi siku 28 zipite. Hao nilikuwa nikiwarudisha, na mwenye ng'ombe alinung'unika tu, kwa sababu ng'ombe wake bado alikuwa na pumzi.

Mara moja tu mpango huu ulitikisika. Fahali alikufa ndani ya lori langoni, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, na mwenyewe akataka akatwe koo haraka kabla hajapoa. Nilishuku kimeta. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, kwa maana vijidudu vyake vikikutana na hewa hujitengenezea ganda na kukaa udongoni kwa miongo mingi. Tulimzika mzima katika shimo refu, tukamwagia chokaa, na juu yake mazutu, yaani dizeli, kwa kuwa najua watu wenye njaa hufukua.

Mbuzi na nguruwe bado huchinjwa uani, mbali na macho yetu. Nimeanza na wafugaji wa nguruwe, kwa sababu mtu mwenye tegu wa nguruwe hutoa mayai ambayo, yakimezwa, mabuu yake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Wanakubali nipite kwao jioni, wao wakimfungua nguruwe mdomo nami nikipapasa ulimi kutafuta vifuko vya mabuu, ingawa njia hiyo huwagundua tu walioambukizwa sana. Muhuri hawautaki bado, maana wanajua kwamba nyuma ya muhuri huja mtoza ushuru.